Majani Yasiwafunike: Hotuba kwa Waliofia Vitani, Tabora

(Hotuba hii niliitoa Tabora mjini mwezi huu wa Septemba, kwenye mkusanyiko wa kuwakumbuka waliokufa vitani. Walikuwepo familia za askari, wastaafu wa jeshi, wanafunzi wa sekondari, na wazee waliotoka Uyui na Sikonge. Wengi walioshindwa kufika wameniomba maneno yake. Haya hapa, kama nilivyoyasema.)

Mwangaluka!

Mwangaluka tena, maana walio nyuma sijawasikia.

Wazee wangu, mama zangu, wastaafu wa Jeshi la Wananchi mlioketi hapa mbele na nishani zenu vifuani, mashehe, mapadri, wachungaji, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mnaosimama juani kwa sababu viti mmewaachia wakubwa zenu: nawashukuru kwa kuja.

Njiani mmeuona msitu. Mwezi uliopita miti ilikuwa mitupu, chini majivu ya moto wa kichaa na vumbi tu. Leo mvua bado haijanyesha, wingu halijaonekana, na miyombo imechipua. Majani yanatoka mekundu, yanageuka rangi ya shaba, ndipo yanakuwa kijani. Wafuga nyuki mliopo hapa mnajua maana yake: maua yako njiani, ni wakati wa kutazama mizinga. Kwangu mimi hakuna mwezi mzuri Unyamwezini kupita huu. Na ndio mwezi ambao mji huu ulizungukwa na vita.

Twende mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia, nchi hii ikiwa chini ya Wajerumani. Reli ya kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, vita vikiwa mlangoni. Meli za Waingereza zilikuwa zimeifunga bahari, fedha haziji kutoka Ujerumani, basi karakana ya reli hapa hapa mjini ikageuzwa kuwa kiwanda cha sarafu. Rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo, ambayo watu wa makumbusho ughaibuni wanaitafuta kwa bei kubwa, ilipigwa Tabora. Wabelgiji wakaja kwa njia mbili. Kundi moja, chini ya Olsen, lilitwaa Kigoma na Ujiji, kisha likaifuata reli kuja mashariki. Kundi la pili, chini ya Molitor, lilishuka kutoka kaskazini. Mkubwa wao wote alikuwa Jenerali Charles Tombeur. Aliyeulinda mji kwa upande wa Wajerumani alikuwa Jenerali Kurt Wahle. Wakapigana Lulanguru, wakapigana Itaga. Wajerumani wakaona hawauwezi tena mji, wakaondoka, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia.

Nimetaja majina ya watu wanne. Mmeyashika? Olsen, Molitor, Tombeur, Wahle.

Sasa nitajieni jina la mtu mmoja mweusi aliyekufa Itaga. Mmoja tu.

(Hapa nilinyamaza. Hakuna aliyejibu.)

Wengi mtaniambia: mwalimu, vile vilikuwa vita vya Wazungu. Ni kweli. Ugomvi ulikuwa wao. Lakini waliokufa walikuwa wa nani? Askari wa Wajerumani, wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Walikuwa wa nani? Askari wa Wabelgiji walikuwa watu wa Kongo, ambao leo tunapanda nao meli Kigoma na kununua nao dagaa sokoni. Walikuwa wa nani? Na nyuma ya kila askari, kwa kila upande, kulikuwa na watu wa kumbebea risasi, unga, hema, dawa na kitanda cha bwana mkubwa. Hao nao walikuwa wa nani?

Tombeur alipewa cheo cha baroni, na jina la mji wetu likaingia katika jina lake. Katikati ya Brussels upo mtaa unaoitwa Tabora mpaka leo. Wao wamewakumbuka wa kwao. Sina ugomvi na hilo, na ndivyo inavyopasa. Mimi nauliza juu ya wa kwetu.

Niseme habari za wapagazi, maana ndio hasa walionileta hapa.

Vijana, mnajiuliza kwa nini vita vya bunduki za mashine na meli za chuma vilihitaji vichwa vya watu. Sababu kubwa ni mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe walioletwa na majeshi walikufa kwa maelfu kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Magari yalikuwa machache na barabara hazikuwepo. Ukitoka kwenye reli hatua chache, kilichobaki ni bega la mtu. Na mpagazi naye anakula. Jeshi likisogea mbali na stesheni, inafika mahali unga mwingi unaobebwa unaliwa na wanaoubeba, basi wanatafutwa wapagazi wengine wa kuwabebea wapagazi. Hapo ndipo vijiji vilipokombwa. Waingereza peke yao waliandikisha watu karibu milioni moja kubeba mizigo katika vita vya Afrika Mashariki. Wabelgiji walitumia zaidi ya laki mbili. Wajerumani nao walichukua waliowakuta.

Hesabu ambayo hutajwa mara nyingi kwa upande wa Waingereza ni wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa, na wanahistoria wengi wanaiona kuwa ndogo. Wachache walikufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa nimonia, kwa njaa. Mtu wa ulezi na uwele anapewa unga wa mahindi asioujua, kuni ni mbichi, muda wa kupika hakuna, anakula uji usioiva, asubuhi anatwikwa mzigo. Siku ya tatu tumbo limemharibika. Siku ya tano yuko kando ya njia, na msafara hausimami.

Akina mama, nyinyi mnaojua kuuguza, mnaelewa ninachokisema. Mtu huyu hakuhitaji muujiza. Alihitaji maji yaliyochemshwa na mtu wa kukaa naye.

Nani alimzika? Pengine mwenzake, kama mwenzake alikuwa bado na nguvu ya kushika jembe.

Nataka niwasimulie jambo lililopita hapa hapa kwetu, Kwihara, na wengi wenu mmekwenda kuliona lile tembe la Livingstone. David Livingstone alikufa mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye ni wapagazi na watumishi wake. Waliongozwa na Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na James Chuma, Myao. Walikuwa na kila sababu ya kumzika pale, kugawana vitu na kwenda zao. Hawakufanya hivyo. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa kitambaa na magome ya mti, wakauning'iniza kwenye mti wa kubebea, wakaanza safari ya kwenda pwani. Zaidi ya kilomita 1,500. Walipofika Unyanyembe, wakakutana na Mwingereza aitwaye Cameron, aliyekuwa akimtafuta Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapa, njia ya mbele ina hatari. Walikataa! Hapa, kwenye ardhi yetu hii, wapagazi walimkatalia Mzungu kwa ajili ya heshima ya maiti. Wakaendelea. Mwezi Februari 1874 wakafika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili mwaka ule mwili ukazikwa London, katika kanisa la Westminster. Kati ya wote walioubeba, siku ya maziko alikuwepo mmoja tu, Jacob Wainwright.

Kwa hiyo asituambie mtu kwamba wapagazi hawakujua maana ya kaburi. Walijua kuliko waliowatuma. Miaka 40 na ushei baadaye, watu wa kazi ile ile walikufa kwa makumi ya maelfu, na hakukuwa na wa kuwabeba.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo panaponiuma.

Vita vilipokwisha, Waingereza walikuwa na tume ya makaburi. Kanuni yao ilikuwa nzuri sana: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, tajiri na maskini, afisa na askari, sawasawa. Ikaulizwa habari ya makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko. Gavana wa Tanganyika wakati ule, Sir Horace Byatt, akatoa maoni yake. Aliona makaburi hayo yaachwe yarudie pori upesi iwezekanavyo, na hakupenda hata kuifikiria idadi ya Waafrika waliokufa kwa kubeba mizigo ya vita vile.

Yaachwe yarudie pori.

Ndugu zangu, ndiyo maana nimeanza na msitu. Mimi nayapenda majani haya mapya. Nimezaliwa chini yake. Lakini tangu nilipoyajua maneno yale, kila Septemba nikiona miyombo imechipua kando ya njia ya zamani ya misafara, nawaza kuwa kuna mtu aliyelitegemea jani hili limfanyie kazi. Mti hauna kosa, unachipua popote ulipo, juu ya kaburi na pasipo kaburi. Aliyetakiwa kuweka alama ni binadamu, na binadamu alikataa.

Haki lazima isemwe: Dar es Salaam ipo sanamu ya askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, nyote mmeiona kwenye picha kama hamjapita pale. Maandishi yake yanawataja wapagazi, yanasema walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni maneno ya heshima. Lakini ni heshima ya jumla. Kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Bagamoyo, makaburi 660 ya vita vile yalihamishwa mwaka 1968 kutoka Ocean Road ili kupisha barabara. Angalieni hapo: barabara ilipopita, mifupa iliyokuwa na majina ilihamishwa kwa uangalifu ikapangwa upya. Mifupa isiyo na majina, nani angejua hata kama barabara imeipitia?

Mwezi Aprili 2021 tume ile ile ya makaburi ilitoa ripoti na kukiri. Ilisema kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Misri na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Mimi nilisoma habari ile nikafurahi, kisha nikasikitika, maana radhi ilikuja wakati hata wajukuu wa wale watu wamekuwa wazee.

Inasimuliwa habari moja ya Mwanza, mwaka 1964. Serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani wa Mjerumani waliokuwa bado hai. Wazee mia kadhaa wakaja, na vyeti wanavyo wachache mno. Utamjuaje aliyekuwa askari kweli? Mlipaji akampa kila mzee ufagio, akamtolea amri za gwaride kwa Kijerumani. Wazee wakaushika ufagio wakaubeba kama bunduki, bega kwa bega, hakuna aliyekosea. Wakalipwa.

Habari hii watu huisimulia kwa furaha, na kweli wale wazee walistahili. Lakini mimi najiuliza: mpagazi angekwenda Mwanza siku ile, angeambiwa afanye nini ili aaminiwe? Angevua shati aonyeshe kovu la begani?

Familia yangu ina mtu wake katika hesabu hii. Kaka yake babu yangu mzaa baba alichukuliwa wakati wa vita vile, akiwa kijana aliyekuwa ameanza kulima shamba lake. Hakurudi, na haikuja barua, wala mshahara, wala mtu wa kusema nilimwona akifa. Mama yake alikataa tanga. Watu walitaka kumlilia yule kijana, waanue tanga, maisha yaendelee, yeye akasema, "Nitamliaje mtu ambaye sijaambiwa amekufa?" Jembe lake akalichomeka darini, akakataza lisilimiwe. Ndugu waliomba jembe, na zamani zile jembe lilikuwa mali, hata mahari ililipwa kwa majembe. Akakataa mpaka kufa kwake.

Hili hapa. Tazameni. Mpini uliliwa na mchwa zamani. Chuma hiki kilifuliwa na wahunzi wetu wenyewe, kina mkia huu wa kuchomeka kwenye mpini, na upande wa kulia kimelika zaidi kuliko wa kushoto, kama ilivyo kwa jembe la mtu anayelima peke yake kwa mkono mmoja uliozoea. Wanafunzi, pitisheni mikononi, lakini polepole.

Hakuna mzee hapa ambaye kwao hakuna kitu kama hiki. Kama si jembe, ni jina alilopewa mtoto.

Niruke haraka vita vya pili, maana babu zetu waliokwenda Uhabeshi, Madagaska na Burma angalau waliandikwa. Ila tusiwasahau wa baharini: tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilizamishwa na Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikiwa imejaa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi. Walikufa watu 1,297. Hao hawawezi kuwa na kaburi, lakini orodha wanayo.

Nafika kwetu wenyewe, kwa watoto wa nchi huru. Wastaafu wa Kagera mlioketi hapa, nawaomba msimame mnaoweza kusimama.

(Walisimama, na watu wakapiga makofi kwa muda mrefu.)

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Mwalimu Nyerere akasema nia tunayo, sababu tunayo, uwezo tunao. Nyinyi ndio mliokuwa huo uwezo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Wenzenu waliobaki njiani wamelala Kaboya, wilayani Muleba, safu kwa safu. Waliofia ukombozi wa kusini mwa Afrika wapo Naliendele, Mtwara. Kila tarehe 25 Julai Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, inawekwa upinde na mshale, linawekwa shoka na shada la maua. Na askari wetu saba wa kulinda amani walipouawa Darfur, Sudan, tarehe 13 Julai 2013, na wale 14 walipouawa kule Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, miili ililetwa nyumbani. Ikaagwa kwa heshima za kijeshi. Mama akaonyeshwa jeneza, akajua la kulia.

Mnaona tofauti? Uchungu wa mama wa Semuliki na uchungu wa mama wa mpagazi ni ule ule. Lakini mmoja alipewa tarehe, mahali na jina lililosomwa kwa sauti, na mwingine akabaki na jembe darini. Taifa letu limejifunza kuzika watu wake, nami najivunia hilo kwa moyo wote. Ninachokidai ni kwamba heshima hiyo irudi nyuma ifike mpaka kwao. Mtu aliyekufa kando ya njia kati ya hapa na Iringa akiwa na mzigo wa mtu mwingine kichwani, naye ni wetu. Alikuwa wetu kabla ya bendera.

Mtaniuliza, tufanye nini na mifupa hatujui ilipo? Mifupa siwezi kuwapa, ila majina yapo. Yapo hapa, chini ya miti hii, vichwani mwa watu wenye miaka 80 na 90. Mzee ambaye baba yake alimweleza, "amu yako alichukuliwa na Mbelgiji," huyo ndiye hifadhi ya nyaraka tuliyo nayo, na kila mwaka tunazika wazee wa namna hiyo. Byatt hakupenda kuhesabu. Sisi je? Tukikaa kimya tutakuwa tumemmalizia kazi yake.

Basi leo hatuondoki kwa wimbo peke yake. Kwenye meza ile kuna madaftari manne makubwa yenye jalada gumu, na wanafunzi wa kidato cha tano wenye mwandiko unaosomeka. Kila mwenye jina aende akalitaje. Waandishi, andikeni hivi: jina lake, jina la baba yake, kijiji, na aliyemchukua kama anajulikana, awe Mjerumani, Mbelgiji au Mwingereza. Andikeni aliondoka wakati gani, na kama hamna mwaka, andikeni alama: wakati wa njaa fulani, wakati wa mavuno, baada ya kuzaliwa nani. Andikeni nani alisimulia na nani anasimulia leo. Mzee akisema "nimesikia tu", andikeni kuwa amesikia tu. Msiongeze neno la kupamba. Mkikosa jina kamili, andikeni "kaka wa fulani", "mtoto wa mwisho wa fulani", hilo nalo linatosha kuanzia. Daftari moja litabaki kwa wazee, nakala zitakwenda shuleni na maktaba, na kila Septemba tutayasoma yote kwa sauti, hata kama itatuchukua siku nzima.

Wazee kutoka Sikonge mna gari la kuondoka saa tisa, mtatangulia nyinyi. Wastaafu mkifuata, na wa mjini tuwe wa mwisho.

Ila mstari wa kwanza nauomba kwa familia yangu, kwa sababu ni mimi niliyewaita. Jina la yule mwenye jembe sitalitaja mimi. Alipewa kaka yangu mkubwa siku alipozaliwa, na yupo hapa. Kaka, njoo mezani uliandikishe.